Magharibi Niliyoiswalisha Moyo Ukiwa Uwanja wa Mkapa



Ndugu zangu katika imani, kila ligi inapokaribia mwisho, timu mbili zikiwa zimeachana pointi moja na kila mtu amegeuka mwalimu wa hesabu, swali moja hunijia kwa wingi: "Shehe, kushabikia mpira ni haramu?" Leo sitaanza na hukumu. Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe. Najua mja ameusiwa kuisitiri dhambi yake Allah anapoisitiri. Lakini hili langu halikusitirika, lilitokea mbele ya safu na walioswali nyuma yangu waliliona. Kwa hiyo acha liwe somo.

Mimi ni Simba. Msicheke. Marehemu baba alikuwa na redio ya betri na timu mbili tu ndizo alizozijua duniani, timu yake na timu ya majirani zake. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF ikafungwa hapa hapa Dar es Salaam mabao mawili na Stella ya Abidjan, nilikuwa kijana mkubwa na nililia. Mei 2025 tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho, tukalikosa tena mbele ya Berkane ya Morocco. Sikulia, umri umekwenda, lakini chakula cha usiku ule hakikushuka. Nawaambia haya ili ndugu zangu wa Yanga na wa Simba mjue kwamba anayezungumza si mtu wa pembeni.

Sasa tuje kwenye msimu ule wa 2024/25. Mnakumbuka mchezo wa Simba na Yanga ulipangwa Jumamosi ya Machi 8, na ilikuwa ndani ya Ramadhani, usiku. Hapa Kibiti nilishaanza kuhesabu nani atakuja kwenye tarawehe na nani atanipa udhuru wa tumbo. Siku ile ile mchezo ukaahirishwa. Baadaye ukapangwa Juni 15, ukasogezwa tena mpaka Jumatano ya Juni 25, mwisho kabisa wa ligi. Na kwa namna mambo yalivyokwenda, siku hiyo ikafika Yanga akiwa na pointi 79, Simba 78, mchezo umebaki mmoja, na wanakutana wao kwa wao. Sare inamtosha Yanga. Simba lazima ashinde. Vijana wa bodaboda pale stendi ya Kibiti walikuwa wanaifanya hesabu hiyo tangu alfajiri, na wengine wao ukiwauliza swala ya safari inapunguzwa rakaa ngapi, wanaangalia chini.

Mimi siku hiyo sikuwa Kibiti. Nilikuwa nimeteremka delta, kijijini nilikozaliwa, kumtazama dada yangu mkubwa. Wanaoujua mto Rufiji wanajua delta huendi kwa saa ya mkononi, unakwenda kwa maji. Nilipanda boti Nyamisati maji yakijaa, tukapita katikati ya mikoko, na maji yalikuwa ya bamvua kwa sababu mwezi ulikuwa umekwisha. Zilikuwa siku za mwisho za Mfunguo Tatu, mwaka wa 1446 unafunga daftari lake. Nilikaa ndani ya boti na kuwaza, "Mwaka unakwisha, nimeufanyia nini?" Niliwaza hivyo dakika mbili tatu. Kisha nikarudi kuwaza kikosi cha Simba.

Kijiji kile kina msikiti mmoja na kibanda umiza kimoja, chenye sola, televisheni na kisimbuzi. Kati yao kuna mwembe na njia ya miguu. Jioni ile kibanda kilijaa mpaka watu wanachungulia kwenye nyufa za makuti. Mchezo ulikuwa wa jioni, na mapumziko yalifika bila bao. Adhana ya Magharibi ikapigwa kipindi cha pili kimeanza.

Siku za kawaida Magharibi pale hujaa safu tatu. Siku ile tulipata safu moja, tena wazee watupu. Wakanitanguliza niswalishe, kama heshima kwa mgeni aliyezaliwa pale. Nikasema Allahu Akbar. Nikasoma Fatiha, nikachagua sura fupi kabisa. Kusoma sura fupi katika Magharibi hakuna ubaya wowote. Ubaya ulikuwa ndani, kwa sababu mimi nilijua kwa nini nimeichagua.

Rakaa ya pili, kelele ikapasuka kutoka kibandani. Bao! Sasa bao la nani? Ndugu zangu, hapo ndipo imamu wenu alipoondoka kwenye mswala. Mwili umerukuu, masikio yako chini ya mwembe. Nilikuwa nazipima zile sauti, hii ya fulani, na fulani namjua ni Yanga, hii ya kijana wa dada yangu, mbona yeye simsikii? Nilisujudu nikiwaza hivyo. Nikakaa nikiwaza hivyo. Nikasimama nikamaliza rakaa ya tatu, kisha badala ya kukaa nikanyanyuka kwenda ya nne. Magharibi, rakaa nne! Nyuma yangu mzee mmoja akasema, "Subhanallah." Nikarudi chini. Nikasoma tahiyatu, nikasujudu sijda mbili za kusahau, nikatoa salamu. Kifiqhi swala ilitengemaa. Lakini fiqhi inatengeneza yale yanayoonekana na watu. Yale mengine mimi na Mola wangu tunayajua.

Baada ya uradi yule mzee akanisogelea. Ni mtu wa bahari, ameendesha mashua tangu mimi sijazaliwa. Akaniambia taratibu, "Maalim, kelele hata mimi nimezisikia. Na moyo wangu pia umetoka. Lakini mimi ni maamuma, nikipotea napotea peke yangu. Wewe ni nahodha. Nahodha akigeuka kuangalia ngoma ya pwani, chombo kinapanda fungu na wote waliomo." Nikainamisha kichwa. Akafika mlangoni, akavaa kandambili zake, akageuka: "Eti Maalim, kwani nani amefunga?"

Alikuwa amefunga Pacôme wa Yanga, kwa penalti. Tulipotoka nje ikasikika kelele ya pili. Clement Mzize. Mbili bila. Yanga wakamaliza na pointi 82, sisi 78 zetu zile zile, nao wakachukua ubingwa wa nne mfululizo. Hongera zao, nazitoa kwa ulimi ulio mzito lakini nazitoa.

Sikilizeni na upande wa pili wa usiku ule. Baada ya Isha nimekaa barazani kwa dada, giza tupu, akaja mwanawe. Ni mvuvi wa kamba. Akakaa mbali kidogo, kimya. Nikadhani ni huzuni ya Simba. Kisha akasema, "Mjomba, nina neno. Naomba unikopeshe laki mbili na themanini." Nikamuuliza za nini. Akasema za petroli na barafu. Bamvua limefika, kamba wako mlangoni, na yeye ndiye mshika fedha wa chombo chao, wao watano. "Sasa hizo fedha za chombo ziko wapi?" Akanyamaza muda mrefu. "Nilimpa Simba, Mjomba." Alikuwa amebeti. Fedha za watu wanne waliomwamini, juu ya timu ambayo hakuna hata mchezaji mmoja anayejua kuwa yeye yupo duniani.

Naapa, siku nyingine ningemrarua kwa maneno. Nina mawaidha ya kamari nimeyahifadhi, aya ninazijua, sauti ninayo. Siku ile mdomo ulikataa. Nilijiona mimi na yeye tumekaa kwenye jamvi moja. Katika dakika zile zile tisini, yeye alipoteza fedha za watu wanne nami nikapoteza swala ya safu nzima. Sisi wawili tulikabidhiwa amana, na sisi wawili tuliipeleka Uwanja wa Mkapa bila ruhusa ya wenyewe.

Ndugu zangu, hili ndilo neno langu la leo. Msiniulize tu kama mpira ni halali au haramu. Jiulizeni mechi inapochezwa mmeshika amana ya nani mkononi.

Maana kupenda ushindani hakukuanza kwetu. Mtume wetu (S.A.W) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A), akashindwa mara moja, na siku nyingine akamshinda. Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bi Aisha akatazama nyuma ya bega la Mtume mpaka akachoka mwenyewe. Na iko hadithi ya Anas (R.A) katika Bukhari ambayo mimi naiita hadithi ya mashabiki. Mtume (S.A.W) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, hashindwi mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mdogo akampita. Likawauma Maswahaba mpaka Mtume akalitambua. Angalieni, hakuwagombeza kwa kuumia. Aliwafundisha kwamba Allah amejiwekea haki hii, kuwa hakuna kitu cha dunia kitakachopanda ila atakishusha.

Basi kuumia timu yako ikifungwa ni ubinadamu. Maswahaba waliumia kwa ajili ya ngamia. Lakini haikupokewa kwamba aliacha mmoja wao Alasiri kwa ajili ya mbio zile, wala aliyeuza nguo za wanawe ili aweke dau. Waliumia, wakafundishwa, wakaendelea na amana zao.

Na kamari, ndugu zangu, tusiipambe majina. Mkeka ni mkeka, uwe wa elfu moja au wa laki. Ukisoma katika Suratul Maida utaona Allah ametutajia shetani anatafuta nini kwayo: uadui na chuki baina yetu, na kuzuiwa kumkumbuka Yeye na kuswali. Mimi niliyaona yote usiku mmoja, kijiji kimoja. Safu ilikuwa tupu, na watu watano wa chombo kimoja walikuwa wanakaribia kuwa maadui asubuhi.

Je, nilimkopesha? Hapana, wala sikumtupa. Nilimwambia, "Kesho baada ya Alfajiri mimi nitasema langu, nawe utasema lako." Alfajiri safu zikajaa kama kawaida. Nikasimama nikawaambia jamaa, Magharibi ya jana niliwaswalisha nikiwa sipo, naomba radhi kwa Allah na kwenu. Wazee wakatikisa vichwa, vijana wakaangalia mikeka ya msikiti, maana wao jana hawakuwepo kabisa. Kisha nikafuatana na mpwa wangu mpaka pwani, kwenye chombo. Akawakiri wenzake. Mmoja alimkunjia ngumi. Mwingine alilia, alikuwa na mtoto mgonjwa. Mwisho wakakubaliana. Petroli wakope kwa mnunuzi wa kamba, na fungu lake yeye likatwe mpaka deni liishe, na fedha ishikwe na mwingine. Alikubali yote. Alikatwa bamvua baada ya bamvua mpaka deni likaisha. Ameniruhusu niseme haya, ila jina lake na la kijiji yabaki kwetu. Hajabeti tena, na naomba Allah amthibitishe.

Mimi nilirudi Nyamisati maji yalipojaa. Jioni zilizofuata mwaka 1447 ukaandama. Yale mahesabu ya 79 na 78 leo hii mtu akiulizwa anakuna kichwa. Ile Magharibi bado ipo kwenye daftari langu kama nilivyoiswali.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ligi inapofika patamu, shabikia kwa adabu. Mechi ikigongana na swala, swala itangulie, bao utalikuta kwenye marudio. Taniana na mwenzako wa Yanga au wa Simba, utani wetu ni wa tangu enzi za babu zetu, lakini mama yake usimtaje. Fedha ya watu iache kwenye mfuko wa watu. Na wewe uliyepewa safu, darasa, familia au chombo, ukisikia kelele upande wa pili wa mwembe, kumbuka nahodha hageuki.

Ewe Mola wetu, turudishie nyoyo zetu zinapotoroka, tusamehe swala tulizoziswali tukiwa hatupo, wasaidie vijana wetu watoke kwenye kamari, na warudishie waliodhulumiwa haki zao. Amin.

Ukiona ndani yake mna faida, mfikishie na mwenzako, hasa yule wa kibanda umiza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.