Harusi ya Roshani

London, Juni 2020

Ndugu zangu wa nyumbani,

Mwatucheka kwenye simu kwamba tumefungiwa kama kuku wa kisasa. Ni kweli. Tangu Waziri Mkuu Boris Johnson alipotangaza usiku wa tarehe 23 Machi kwamba kila mtu akae kwake kwa sababu ya korona, kutoka nje kulikuwa kwa hesabu: chakula, dawa, kazi isiyofanyika nyumbani, na mazoezi mara moja kwa siku. Wiki mbili baadaye Johnson mwenyewe akawa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hapo hata mimi mbishi nikanyamaza.

Tuko wanne ghorofa ya nne, vyumba viwili na kiroshani cha kuanikia nguo. Mimi mpishi wa hoteli. Hoteli ikafungwa, serikali ikawa inagharimia asilimia 80 ya mshahara. Mke wangu anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kwa hiyo yeye hakufungiwa hata siku moja. Nikabaki na watoto. Niwaambieni jambo ambalo hatulisemi tukija likizo na masanduku ya zawadi: miaka yote hii wanangu nimekuwa nikiwaona wamelala. Natoka hawajaamka, narudi wameshalala. Wiki ya kwanza tulitazamana kama abiria wa basi moja.

Huku kulizuka desturi: kila Alhamisi saa mbili usiku watu walikuwa wakitoka milangoni na madirishani kuwapigia makofi wahudumu wa afya. Siku ya kwanza, 26 Machi, nilidhani majirani wanagombana. Mke wangu hakuvutiwa. "Makofi hayalipi kodi ya nyumba," alisema, na kazini kwao barakoa zilikuwa zikigawiwa kama sukari ya magendo. Sikuwa na la kumjibu.

Basi Alhamisi moja mwishoni mwa Aprili, jua la huku bado halijazama, makofi yameanza, kijana wangu wa miaka tisa akachungulia chini. Akamwona mama yake anakatiza uani na sare yake, mfuko wa viazi mkononi. "Mama!" Akakimbilia jikoni, akanyakua sufuria yangu ya pilau na mwiko, akaanza kuitwanga. Dada yake, binti wa miaka kumi na mitatu ambaye kumtoa vipokea sauti masikioni ni kazi ya kuombewa dua, akapiga kigelegele. Kigelegele hasa, cha ukumbini! Nilipomuuliza baadaye kajifunzia wapi, akasema kwenye video za harusi wanazotuma shangazi zake wa Tanga.

Jengo zima likatazama chini. Makofi yote yakamgeukia mwanamke mmoja mwenye viazi. Nikajua atakimbilia ndani, maana huyu harusini hukaa viti vya nyuma. Wapi! Akauweka mfuko chini, akakaza kilemba, akatuchezea mdumange wa kwao Lushoto. Mzee wa ghorofa ya pili, Mwingereza ambaye miaka sita amekuwa akinisalimia kwa kidevu, akawa anafuatisha kwa makofi. Alikosea mapigo yote.

Kumkumbatia hatukuweza. Sare moja kwa moja kwenye mashine ya kufulia, mwenyewe bafuni. Watoto wakakaa chini nje ya mlango wa bafu na ndoo iliyogeuzwa, wanaimba, naye anaitikia kutoka ndani huku maji yanamwagika. Usiku ule tulikula chapati saa nne. Unga ulikuwa adimu madukani, kwa sababu vinu vya huku huuza sehemu kubwa kwa viwanda na waoka mikate, na pakiti ndogo za nyumbani hazikuwahi kutosha. Nilikuwa nimepata gunia la kilo 16 kwa Mpakistani wa mtaani. Binti akasukuma chapati yake ya kwanza, ikatoka kama ramani ya Madagaska. Tukaigombania.

Siwafichi, miezi hii tumezika pia, tukiwaaga watu kwenye kioo cha simu. Lakini mkiniuliza habari za wanangu, sasa ninazo.

Makofi ya mwisho yalikuwa tarehe 28 Mei. Sufuria imebonyea kitako, haikai tena jikoni sawasawa. Mkipata mtu anayekuja huku, mpeni nyingine, ya kupikia kilo tatu.