Jiko, Fundo na Boya

Aghalabu vitabu vya kufundishia Kiingereza huziweka semi katika orodha. Upande wa kushoto ni usemi, upande wa kulia ni maana yake, na katikati ni mstari. Mwanafunzi huambiwa azikariri kumi leo na kumi kesho, kama mtu apangaye vyungu rafuni asivyokusudia kuvipikia. Mimi hufundisha katika chuo cha ualimu karibu na Kisumu, na kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaowafundisha wengine. Sina ugomvi na orodha. Ina manufaa yake siku ya mtihani. Lakini semi zinazohusu mapenzi, ndoa, ukwe na utengano hazikubali kukaa ndani yake. Kila mojawapo ilizaliwa katika nyumba ya mtu, na asiyeijua nyumba hiyo hujua nusu tu ya usemi.

Waingereza husema kwamba waliooana wamefunga fundo, "tie the knot". Waswahili nao husema kwamba wamefunga pingu za maisha. Vijana wangu huicheka hiyo ya pili, wakauliza maarusi wametenda kosa gani hata watiwe pingu. Kisha huwaambia kwamba mwanamume aliyeoa husemwa amepata jiko. Hapo wavulana hucheka peke yao. Msichana mmoja aliniuliza, "Na aliyeolewa, Mwalimu, amepata nini?" Swali lile lilikuwa jema kuliko majibu mengi niliyoyasoma katika karatasi za mtihani, kwani sarufi yenyewe imelibeba. Katika Kiswahili mume huoa na mke huolewa. Mmoja hutenda na mwingine hutendwa. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa wote wawili, na mwanafunzi anayesahau hilo huandika sentensi ambazo Mwingereza hazielewi.

Wengi wa wanafunzi wangu wamelelewa kwa Dholuo, na lugha hiyo inao mchezo wake. Neno lililoandikwa "kendo" huweza kuwa mafiga. Huweza kuwa kuoa. Tena huweza kuwa "tena". Asikilizaye hutambua kwa sauti na kwa mahali pa neno, lakini asomaye hana msaada ila sentensi. Yawe maneno hayo ni ndugu au ni majirani tu, huwaomba wanachuo watunge sentensi moja yenye yote matatu, na kila mwaka hurudi na mtu aliyeoa tena na kuongeza mafiga. Hawakosei, maana katika boma la Mjaluo wa zamani kila mke alikuwa na nyumba yake na moto wake. Ndiyo sababu "nyieka", yaani mke mwenzangu, na "nyiego", yaani wivu, yanakaribiana hata ulimi hukaribia kuyachanganya. Mwingereza huupa wivu macho ya kijani, naye hilo alilipata kwa Shakespeare katika tamthilia ya Othello, ambamo hakuna mke mwenza hata mmoja, ila leso tu. Mwanafunzi akiisha kujua hayo, hahitaji kukariri rangi ya macho.

Yuko mshairi aliyeliona jambo hili zamani. Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, ambaye lugha yake ni jamaa ya Dholuo, alitunga malalamiko ya mke aliyedharauliwa na mume msomi, kisha akayafasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Song of Lawino ilitoka Nairobi mwaka 1966, na Paul Sozigwa akaitia katika Kiswahili mwaka 1975. Mtunzi hakumpa Lawino semi za Waingereza alie kwazo. Aliingiza katika Kiingereza boga, jiwe la kusagia na meko ya kwao, na msomaji wa London akalazimika kuketi mekoni pa Waacholi ili aelewe ni nini kilichomuuma mama yule. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mshairi huyo alifanya kazi papa hapa Kisumu, akaanzisha tamasha la sanaa. Huwakumbusha wanachuo jambo hilo kila wanaponiambia kwamba Kiingereza hakifundishiki bila kuzisahau kwanza lugha za nyumbani.

Hata hivyo si kila usemi huonyesha nyumba uliyotoka. Baadhi hutungwa ili kuifunika.

Mwaka jana nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule ya sekondari iliyo kando ya ziwa. Nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha pili, daftari mapajani. Kijana yule alianza vizuri. Hakuandika orodha, aliwaomba wanafunzi wataje maneno wanayoyasikia nyumbani na barabarani juu ya watu wanaopendana. Ubao ulijaa upesi. Ndipo msichana mmoja akataja "sponsor", na darasa zima likaangua kicheko, maana kila kijana wa Kenya ajua maana yake ya siku hizi: mtu mzima mwenye fedha amlipiaye msichana mahitaji yake, naye akalipwa kwa mwili wa msichana huyo. Mvulana wa dirishani akaongeza, "Jaboya." Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Kwa msomaji asiyekaa na ziwa, yafaa nieleze. Mwanamke achuuzaye samaki huweza kunyimwa samaki ufukweni mpaka akubali kulala na mvuvi. Mvuvi huyo huitwa jaboya, na mapatano yenyewe huitwa vivyo hivyo. Neno limejengwa kwa "ja", yaani mtu wa, na "boya", kile kielea kinachoonyesha wavu ulipo. Ni neno jepesi, la kazi ya halali, lenye harufu ya maji tu. Chini yake pana njaa ya watoto, samaki waliopungua, na ukimwi uliozimaliza nyumba nyingi za kando ya ziwa letu.

Mwanachuo alinitazama. Nilidhani atalifuta neno lile, na walimu wengi wangelifuta. Najua pia wako watakaosema kwamba maneno kama hayo hayafai kutamkwa mbele ya watoto. Mimi siafikiani nao. Watoto wameyapata wenyewe, tena wameyapata yakiwa yamevikwa nguo nzuri. Shuleni ndipo pekee wanapoweza kuyavua wakiwa salama. Kijana akageukia ubao, akauliza, "Neno hili linaonyesha nini, na linaficha nini?"

Pakawa kimya. Kisha msichana yule wa kwanza akasema, "Linaonyesha boya, Mwalimu. Linamficha mama aliyesimama na karai."

Nikaombwa niseme kidogo juu ya "sponsor". Niliwaeleza kwamba asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kuahidi kwa dhati; kwamba Waingereza walilitumia kwa mdhamini wa mtoto katika ubatizo, yule asimamaye na kujibu kwa niaba ya asiyeweza kusema; na kwamba "spouse", yaani mume au mke, limetoka katika shina lilo hilo. Nikawauliza neno la heshima kama hilo limefikaje kwa mtu wa namna ile. Mvulana wa dirishani alijibu bila kuinua mkono, "Angeitwa jina lake, nani angepanda gari lake?"

Mwanachuo hakuridhika kuliacha somo gizani, nami nilimsifu kwa hilo katika taarifa yangu. Aliwasimulia habari za Nduru, ufukwe ulio katika Kaunti ya Kisumu, ambako mwaka 2011 wanawake walianza kupata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi, ili samaki wawe wao kabla ya kufika nchi kavu. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 maji yaliwaharibia mengi. Lakini mashua zile zilikuwa zimekwisha kuleta shida nyingine, nayo ni ya lugha. Mwenye mashua katika Dholuo ni "wuon yie", na "wuon" ni baba. Mwanamke mwenye mashua aitweje? Nusu ya darasa ilishikilia "wuon yie", ikisema kwamba mali ni mali, na neno limekwisha kusahau ndevu zake. Nusu ya pili ilitaka "min yie", mama wa mashua, na ikamtaka mwalimu aliandike ubaoni mahali pa "jaboya". Kengele ya mapumziko ililia wangali wakibishana, na nilipokuwa nikitia sahihi daftari la wageni ofisini, niliwasikia bado uwanjani.