Kiboko: Kuchagua Chumba cha Safari Penye Watoto Wadogo



Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara, akishaipita Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, hufika Kiboko akiwa amemaliza takriban theluthi mbili ya mwendo. Baada ya vichaka vikavu na mibuyu ya Tsavo, ghafla huona kijani: mto mdogo, maji yaliyotuama, na migunga mirefu yenye magome ya manjano. Hapa ni Kaunti ya Makueni, nchi ya Wakamba, chini ya vilima vya Chyulu. Mvua inyeshayo juu ya vilima hivyo hunywea katika mawe ya volkano, kisha huibuka mbali kama chemchemi. Mojawapo ni Mzima, ambayo maji yake huletwa Mombasa kwa bomba. Kwa hiyo mtu wa mwambao hawi mgeni kabisa mahali hapa.

Kiboko ni kituo cha wasafiri tangu zamani. J. A. Hunter, mwindaji wa Kiskochi aliyetumwa na serikali ya kikoloni kuua vifaru wa Makueni katika miaka ya 1940 ili ardhi ilimwe, ndiye aliyejenga nyumba ya wageni kando ya maji haya. Tangu reli mpya ianze kazi mwaka 2017, jamaa wengi hupita upande huu kwa treni bila kushuka. Lakini familia zenye gari bado hupumzika njiani, hasa wakati wa likizo na harusi, na wengi hulala. Suala langu leo ni hili: watoto wadogo walazwe chumba gani, na nani akichague?

Desturi yetu inajulikana. Gari husimama, baba hushuka, hupatana bei, hulipa na kurudi na ufunguo. Mama hubaki garini na mtoto mapajani. Chumba hukiona mara ya kwanza wakati mizigo imekwisha kuteremshwa, na hapo akisema hakifai huonekana msumbufu. Nawaomba akina baba wazingatie jambo moja. Qur'ani, katika Suratul Baqara, imewataka wazazi wawili washauriane hata juu ya kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa ziwa lina mashauri, je, mahali atakapolala mtoto katika nchi ya ugeni hapana mashauri? Basi mama ashuke, akione chumba, na fedha zisitoke kabla yake.

Akiingia, atazame nini? Mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.) yanatutosha kuwa kipimo.

Kwanza ni barabara. Katika Sahihi Muslim tumefundishwa kwamba msafiri anapotua usiku ajiepushe na njia, kwa kuwa ndiyo mapito ya wanyama na maficho ya wadudu. Barabara ya Mombasa hailali, na malori hupita na kuegeshwa usiku kucha. Dereva wa lori anaporudi nyuma hamwoni mtoto wa miaka mitatu aliye nyuma ya gurudumu. Chagueni chumba cha upande wa ndani, ambacho mlango wake haufungukii penye magari, hata kama kitakuwa mbali kidogo na chakula.

Pili ni urefu. Imo katika Sunan ya Abu Daud onyo kwa anayelala juu ya dari isiyo na kizuizi. Roshani ya ghorofani ni dari hiyohiyo. Kwa familia yenye mtoto atambaaye au apandaye viti, chumba cha chini ni bora kuliko cha juu chenye mandhari. Mkilazimika kulala juu, tazameni kingo. Nondo za kusimama ni afadhali kuliko za kulala, kwani za kulala ni ngazi kwa mtoto. Nafasi baina ya nondo isizidi sentimita 10. Ngumi ya mtu mzima ikipita kwa wepesi, ni pana mno. Kisha viti na meza za roshani ziingizwe ndani, na mlango wake ufungwe kwa komeo la juu.

Tatu ni maji. Uzuri wa Kiboko ni maji yake, na hatari yake kwa watoto ni hayohayo. Mtoto mdogo azamapo hapigi kelele. Hunyamaza, na dakika chache zatosha. Chumba ambacho mlango wake waelekea bwawani si cha mwenye watoto. Hata ndani ya chumba, ndoo ya bafuni iliyojaa maji imwagwe, maana mtoto aanzaye kutembea akiinama ndani yake hawezi kujiinua. Tena penye shangazi watatu na mabinti watano, kila mmoja hudhani mwenzake anamtazama mtoto. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Basi atajwe mtu mmoja kwa jina, na akichoka amkabidhi mwingine kwa kauli.

Nne ni magharibi. Bukhari na Muslim wamepokea amri ya kuwaingiza watoto ndani giza linapoingia, na kufunga milango. Wazungu wa kale waliuita mgunga wa manjano mti wa homa, wakidhani ndio uletao maradhi. Mti hauna kosa. Huota penye majimaji, na hapo ndipo mbu wanapozaliana. Kwa hiyo ulizeni chandarua kabla ya kuuliza runinga. Kiwe kizima, na kipenyezwe chini ya godoro pande zote. Mtoto mchanga asiwekwe baina ya kitanda na ukuta, kwani huweza kubanwa. Ni salama zaidi godoro lake liwe sakafuni chini ya chandarua chake.

Tano ni moto. Tumekatazwa kuacha moto ukiwaka tulalapo. Usiku wa bara una baridi miezi ya Juni na Julai, na mtu wa pwani hutamani jiko la makaa. Lisiingie chumbani kamwe: moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Ufunguo wa mlango uwe mahali pamoja panapojulikana. Na iwapo madirisha yote yana nondo, jueni mapema kwamba njia ya kutokea ni moja tu, wala msiizibe kwa mabegi.

Vipimo hivi havikomei Kiboko. Siku hizi jamaa zetu wa Ughaibuni hupanda meli za anasa pamoja na watoto, nasi wenyewe huvuka kwenda Unguja na Pemba. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka kingo za meli za abiria zisipungue inchi 42, yaani takriban sentimita 107. Lakini kiti kimoja kikisogezwa, kimo hicho hakimzuii mtoto wa miaka mitano. Chumba cha ndani kisicho na roshani, kilicho katikati ya meli na ghorofa za chini, hutikisika kidogo na kina bei nafuu. Mkishaingia, ulizeni jaketi la kuokolea la kimo cha mtoto, na muitembee njia ya kwenda juu mkiwa pamoja naye. Na chumba kizuri hakiokoi chombo kilichojazwa kupita kiasi. Spice Islander I ilizama Septemba 2011 na Skagit ikazama Julai 2012. Tuliozika hatuhitaji kukumbushwa. Ukiona chombo kimefurika, rudi na wanao, hata nauli ikipotea.

Mwenye nyumba ya wageni aliye mwema hachukii kuulizwa. Akikataa kukuonyesha chumba kabla ya kulipwa, hilo lenyewe ni jibu. Makindu na Emali haziko mbali. Akikuonyesha, pimeni, mshauriane, kisha mtawakali. Kibla hapo Kiboko ni kaskazini, kwa kuegemea mashariki kidogo. Toeni swala yenu, laleni, na asubuhi muwahesabu watoto kabla ya mabegi.

Wabillahi tawfiq.