Kifimbo cha Bibi wa Idrija

Je, umewahi kuona chakula kisichotaka kupikwa na mtu mmoja? Sisi tulikiona Idrija, mji mdogo wa Slovenia uliojificha bondeni kati ya milima yenye misitu, magharibi ya Ljubljana, mji mkuu wa nchi hiyo. Chakula hicho huitwa žlikrofi (tamka "zhlikrofi"). Ni vifuko vidogo vya unga wa ngano vilivyojazwa viazi.

Tulikuwa akina mama wanne, wageni wa familia moja ya mji huo. Kabla ya kuingia jikoni, wenyeji wetu walitupeleka mgodini. Kwa miaka mingi mgodi wa Idrija ulikuwa wa pili duniani kwa kutoa zebaki, baada ya ule wa Almadén, Hispania. Husimuliwa kwamba mwaka 1490 fundi wa ndoo za mbao aliona zebaki iking'aa ndani ya chombo alichokiacha kijitoni. Watu wakachimba kwa karibu miaka 500, hadi miaka ya 1990. Tulipita katika njia iliyochimbwa mwaka 1500, tukafika kwenye kanisa dogo chini ya ardhi ambamo wachimbaji walisali kabla ya kuanza kazi. Walikuwa na sababu ya kusali. Mvuke wa zebaki uliwatetemesha mikono na kuwalegeza meno. Wake zao waliongeza pato kwa kusuka lesi, ufundi wenye shule yake mjini hapo tangu 1876. Jikoni walikuwa na unga, viazi, vitunguu na kipande cha mafuta ya nguruwe. Kwa vitu hivyo walitengeneza chakula cha sikukuu.

Nyumbani tulimkuta Bibi, mkwewe na wajukuu wawili. Unga ulikandwa kwa mayai, maji na mafuta kidogo, ukafunikwa upumzike nusu saa. Viazi vilivyochemshwa vilipondwa vingali vya moto, vikachanganywa na vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, majani membamba ya kitunguu, chumvi, pilipili manga na jani kavu lenye harufu nzuri liitwalo marjoram. Tukaketi kuviringisha vidonge vidogo.

Bibi akashika kifimbo cha kusukumia. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi. Alisukuma, unga ukachanika. Akaukusanya, akasukuma tena, ukachanika tena. Mkwewe alikuwa pembeni akiosha vyombo. Mjukuu, aliyekuwa mkalimani wetu, alitunong'oneza: mama yake ameolewa hapo miaka 19, na hajawahi kuruhusiwa kuusukuma unga huo. Yeye ni wa mashariki ya nchi, na Bibi husema watu wa huko huufanya mnene.

Tuliinamia vidonge vyetu. Wengine kati yetu ni wakwe, wengine ni mama wakwe. Hali ile tuliijua.

Unga ulipochanika mara ya tatu, Bibi alinyamaza. Kisha akageuka, akamwita mkwewe, "Binti yangu," akampa kifimbo. Mkwewe alifuta mikono kwenye aproni, akaanza. "Mwembamba zaidi," Bibi alisema. "Zaidi." Halafu akasema taratibu, "Basi, hapo."

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Tulipanga vidonge kwa mstari, kila kimoja mbali na kingine kwa upana wa kidole, tukaukunja unga juu yake, tukabana katikati na kukata. Mwisho kila kifuko kilibonyezwa juu kwa kidole ili kifanane na kofia. Vyetu vya kwanza havikufanana na kofia yoyote, na watoto walicheka sana, ingawa sisi ni mafundi wa kukunja sambusa. Vilichemshwa katika maji yenye chumvi. Vilipoelea na maji kutokota tena, vilikuwa tayari. Vililiwa na bakalca, mchuzi wa nyama ya kondoo na mboga. Kabla ya kula, Bibi alimwomba mkwewe aongoze sala.

Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unalilinda jina la žlikrofi za Idrija na namna ya kuzitengeneza. Hilo ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kumfundisha binti kusukuma unga. Hiyo ni kazi ya mama, naye huifanya siku anapokubali kukiachia kifimbo.

Njiani tuliwakumbuka Naomi na Ruthu, mama mkwe na mkwe aliyetoka nchi nyingine. Dada msomaji, je, jikoni mwako kuna kazi ambayo hujamwachia mtu bado? Mwite leo, angali yupo, nawe ungali na nguvu ya kumwelekeza.