Mkopo wa Kuku na Mama wa Mandazi

Mpango wa maendeleo ya parishi uliozinduliwa nchini Uganda Februari 2022 uliipangia kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kila kaya ikikopeshwa milioni 1 kwa riba ya asilimia 6. Riba hiyo ni nafuu, wala siibezi. Ila fedha zenyewe zilikusudiwa hasa kilimo na ufugaji.

Jirani yangu, mjane, huuza mandazi. Ili astahili mkopo, ameamua kujiandikisha kuwa mfugaji wa kuku, ilhali ua wake haupiti hatua nne!

“Mwalimu,” aliniuliza juzi, “watakula nini hata watage?”

Nikamhesabia: takriban miezi mitano ya kununua chakula kabla ya yai la kwanza. Mfuko wa unga humrudishia fedha kwa juma moja. Alinisikiliza, akaendelea kukanda.