Mvua ya Salalah, Mvua ya Unguja

Kila mwaka, tangu mwishoni mwa Juni, hapa Maskati huanza safari za kwenda kunyeshewa. Joto la mji limeshapita 40. Watu hupakia mikeka, majiko na watoto kwenye magari, wakashika njia ya Adam, Haima na Thumrait, kiasi cha kilomita 1,000, nyingi zikiwa jangwa tupu, mpaka Salalah. Huko Dhofar joto liko karibu na 25, manyunyu hayakatiki, na milima iliyokuwa vumbi imegeuka kijani. Wenyeji wanauita msimu huo kharifu, na ndio msimu wa bei za juu. Familia kutoka Kuwait na Saudia hukaa majanini kule Wadi Darbat wakinywa chai huku nguo zinarowa, na wamefurahi. Njiani kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Sisi wenye asili ya Unguja tukifika hapo moyo hutulia.

Kwetu mvua hufukuza watu.

Na upepo wa mvua zote mbili ni ule ule mmoja. Kaskazi inapolegea na kusi kuanza kushika, Unguja hupata masika. Wiki kadhaa baadaye kusi hiyo hukaza mpaka pwani ya Dhofar, ikasukuma maji ya juu, yakapanda ya baridi kutoka chini, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu unaonasa milimani. Ndiyo kusi iliyokuwa ikirejesha majahazi Uarabuni.

Najua mvua hizi mbili hazilingani. Mvua ya Dhofar ni manyunyu. Ya Unguja hushuka kwa kishindo, ikajaza njia za mabondeni na kuingia majumbani mwa watu. Bahari huchafuka, na aliyekuja kuzamia kutazama matumbawe hatoona mengi. Tena anayekwenda Salalah amelikimbia jua, ilhali Mzungu anayekuja kwetu ametoka kwenye baridi na jua ndilo alifuatalo. Lakini tumemsikiliza mgeni huyo mmoja mpaka tumekubali kwamba Aprili na Mei ni miezi iliyokufa. Nendeni bonde la Cheju mkawaulize wakulima wa mpunga kama masika yamekufa. Kwao hakuna miezi yenye kazi zaidi.

Mimi naipenda Unguja ya Aprili kuliko ya Agosti. Mvua kubwa mara nyingi hupiga kwa saa chache, ikakatika, jua likatoka kali na kila kitu kikafuka mvuke. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapitika bila kusukumana. Mapapasi, wale wanaowaandama wageni, wamepungua, na waliobaki wana muda wa kukusalimu kabla ya kukuuliza unakwenda wapi. Barazani wazee wamejibana chini ya paa na vikombe vya kahawa, na mazungumzo yanakwenda mbali kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Jozani msitu umenona, na kima punju wanakula majani machanga karibu kabisa na njia. Usiku usio na mvua, Forodhani, muuza urojo anakuuliza unataka ukali kiasi gani, na anangoja jibu.

Kinachoniuma ni watu wa kazi. Hoteli nyingi za Nungwi, Kendwa na Paje hupunguza shughuli au hufunga kabisa miezi hiyo, zikapaka rangi na kuezeka mapaa upya. Kijana anayetandika vitanda huambiwa aende nyumbani, atapigiwa simu Juni, na wengine hawalipwi mpaka warudi. Mama aliyekuwa akiuzia jiko la hoteli pweza hana wa kumuuzia.

Oman kharifu ina tamasha lake, la kila mwaka, lenye ngoma, soko na michezo ya watoto. Sisi tamasha letu la Sauti za Busara ni Februari, na tamasha la filamu la ZIFF huja masika yakishapita. Katikati hapo hatujaweka kitu. Tungeweza kuanza na watu wetu wenyewe: sisi wa Maskati, ndugu wa Dar es Salaam na Mombasa, harusi, mikutano, wanafunzi wa bara. Hatuogopi mvua, tumekulia ndani yake. Bei ya masika, ambayo baadhi ya hoteli huishusha hadi nusu, inatufaa sisi kuliko mtu yeyote.

Basi anayetaka kwenda Aprili aulize mambo matatu kabla ya kulipa: jiko litakuwa wazi, njia ya kufika hotelini haijai maji, na wafanyakazi wako kazini kwa mshahara wao. Achukue viatu vinavyovumilia tope na dawa ya mbu. Pwani ya mashariki aende siku ya pili au ya tatu, akishazisoma saa za mvua; mjini akae kwanza.