Miaka Yangu na Magoti ya Toronto

Mtu akija kliniki kwa ajili ya goti, mimi hutazama paja kwanza. Desturi hiyo niliianzia hospitali ya KCMC, Moshi, nilikosomea fiziotherapia, ikanikolea Toronto, mji wa barafu, ambako goti likikuachia kando ya barabara unaweza kujikuta hospitalini na nyonga iliyovunjika.

Nilipofika Kanada cheti changu hakikutosha. Aliyesoma nje hukaguliwa masomo yake, hufanya mtihani, ndipo asajiliwe na chombo cha fiziotherapia cha jimbo la Ontario. Nikisubiri hayo nilifanya kazi ya msaidizi: kufuta vitanda, kupanga viti, kuhesabu mazoezi ya wagonjwa, kuwashika mkono wazee mpaka mlangoni. Wenzangu wa nyumbani walinionea huruma. Mimi naona ile ilikuwa shule. Mtaalamu hupita kwa mgonjwa kwa dakika chache, msaidizi ndiye anayekaa naye na kusikia habari zote.

Kliniki ilikuwa upande wa Don Mills, si mbali na Wynford Drive, ilipo Jamatkhana kubwa ya Waismailia na Jumba la Makumbusho la Aga Khan lililofunguliwa mwaka 2014. Kwa hiyo wazee wengi walikuwa watu wa Tanga, Mwanza na Kampala, baadhi yao waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na Kiswahili chao cha dukani kilikuwa bado hakijachuja. Walikuja pia Wakongo wa maghalani na Wasomali waliokulia Mombasa. Wote walinena mamoja: mafuta ya goti yamekwisha, na nikishuka ngazi za treni goti linaniachia.

Namkumbuka mama mmoja wa Tanga, wakati huo nimeshapata usajili wangu. Nilimfunika kanga. Nilikuwa naweka kanga kabatini kwa ajili ya akina mama, maana paja la mtu mzima halitazamwi ovyo, na vile vishuka vya kliniki za huku havisitiri kitu. Nikapenyeza kiganja chini ya goti lake la kulia, nikamwambia, "Mama, nikandamize mkono kitandani." Paja likakaza, pia ya goti ikapanda juu. Nikahamia la kushoto. Nyama ikatetemeka kidogo, ikaacha. Pale juu ya goti kwa ndani, panapotakiwa kuvimba msuli, palikuwa laini kama unga wa chapati uliokwisha kukandwa. Goti lenyewe lilikuwa limejaa maji kidogo, na siku hiyo halikuwa likimuuma hata chembe.

"Nasukuma mwanangu," akasema, "lakini mguu hausikii."

Alisema kweli tupu. Binti yake, aliyekuwa ameketi pembeni, alidhani mama mvivu wa mazoezi, na nimewasikia hata wataalamu wakisema hivyo juu ya wagonjwa wao. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hupata amri kwa neva inayotoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya kiuno. Ndani ya mfuko wa kiungo kuna vipokezi vya neva vinavyopeleka habari kwenye uti huohuo. Gegedu linapolika, mfuko unavimba na kujaa maji, habari zinazopanda hubadilika, na uti wa mgongo hupunguza amri inayoshuka kwenye paja. Mtu anakaza kwa nia yake yote, na sehemu ya msuli haipokei agizo.

Jambo hili lilipimwa hapahapa Ontario, katika mji wa London, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Toronto. Mwaka 1984 watafiti wa huko waliingiza maji ya chumvi katika magoti ya watu wazima wasio na ugonjwa. Mililita 20 hadi 30 zilitosha kuufifisha ule msuli wa ndani juu ya goti, sehemu nyingine za paja zikahitaji 50 mpaka 60. Mililita 30 ni vijiko viwili vya chakula. Na mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Indiana, Marekani, ulioonyesha udhaifu wa paja kwa wanawake ambao picha za eksirei zilionyesha goti limelika ilhali hawakuwa na maumivu. Basi ile hadithi kwamba goti huuma kwanza, mtu akaacha kutembea, paja likasinyaa, ni nusu ya habari. Paja likilegea, goti hupokea kishindo cha kila hatua bila kinga, na gegedu huzidi kuumia.

Dawa yake haina mbwembwe. Kupunguza uvimbe, kisha kulifanyisha paja kazi. Barafu juu ya goti kabla ya mazoezi husaidia msuli uamke kwa muda, na hapo ndipo nilipogombana na wazee wangu: "Baridi ndiyo iliyoniua, nawe waniletea barafu?" Wengine niliwawekea mashine ya umeme inayoukaza msuli bila kungoja amri. Baadaye, mwaka 2016, ulikuja Kanada mpango wa GLA:D kutoka Denmark, wenye masomo mawili na vipindi 12 vya mazoezi. Mama wa Tanga alianza kwa kuinuka kwenye kiti kirefu, tukakishusha kidogo kidogo. Maji yalipungua, paja likarudi kukaza, ingawa halikufikia la kulia.

Sina ugomvi na upasuaji wa kubadilisha goti, wapo wanaouhitaji. Lakini mwezi mmoja baada ya upasuaji paja huwa limepoteza zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwapo, kwa hiyo anayeingia akiwa dhaifu hutoka dhaifu zaidi.

Kinachonikera ni mpango wa malipo. Bima ya afya ya Ontario hulipia fiziotherapia ya kliniki kwa aliyefikisha miaka 65, kwa wenye miaka 19 kushuka chini, na kwa makundi machache mengine. Mkongo wa ghalani mwenye miaka 50 anayebeba maboksi usiku kucha hayumo, naye ndiye ambaye paja lake bado lingeokolewa mapema. Nimewaona watu kama yeye wakirudi na miaka 65 yao na goti la kupasuliwa.

Kama unaishi huku na goti limeanza kukuachia, huhitaji barua ya daktari kumwona mtaalamu wa fiziotherapia, ingawa baadhi ya bima za kazini huitaka. Soma mkataba wa bima ya kazini kwako: nyingi zimetenga kiasi cha fiziotherapia kila mwaka, na usipokitumia kwa kawaida hakihamii mwaka unaofuata.